Hakuna Arukaye Peke Yake

Mara nyingi tukiwa shambani tunasikia ngurumo angani. Tunainua macho, na watoto wanapiga kelele: "Ndege! Ndege!" Tunaiona ikipita juu sana, ndogo kama punje ya mtama, halafu tunarudi kwenye majembe yetu. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza: Wale wanaoiendesha ni watu wa namna gani? Wanafanyaje kazi? Na wakishindwa kusikilizana huko juu, nani atawaamua?

Leo, wasomaji wapenzi, tutazungumza habari za marubani wa Marekani. Huko ndiko ndugu wawili wa tumbo moja, Wilbur na Orville Wright, walikorusha ndege yao ya injini kwa mara ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903. Tangu siku ile marubani wa nchi hiyo wamejifunza mengi juu ya mashine na upepo. Lakini somo moja liliwachukua miaka mingi kuliko yote, na waliligharamia kwa maisha ya watu. Somo hilo lahusu namna mtu anavyopaswa kuishi na mwenzake kazini. Sisi tusiopanda ndege linatufaa pia.

BARUA KATIKA UKUNGU

Mwezi wa Mei 1918 serikali ya Marekani ilianza kupeleka barua kwa ndege kati ya Washington na New York. Kwanza walirusha askari, na kuanzia Agosti mwaka ule Idara ya Posta ikaajiri marubani wake yenyewe. Ndege zao zilikuwa za mbao na kitambaa. Rubani alikaa mahali pa wazi, upepo na mvua vikimpiga usoni. Hakuwa na redio. Alifuata reli, mito na barabara kwa macho, na mawingu yakishuka alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni na kuambiwa akimbie kati ya miti. Kati ya mwaka 1918 na 1927 zaidi ya marubani 30 wa Posta walikufa kazini.

Mkubwa wa kazi hiyo huko Washington, Bwana Otto Praeger, alikuwa mtu wa bidii, lakini hakuwa rubani. Alitaka barua ziondoke kwa saa yake, mvua au jua. Mwezi wa Julai 1919 ukungu mzito ulifunika kiwanja cha Belmont Park, karibu na New York. Siku chache kabla, mmoja wa marubani alikuwa amekufa katika hali ya hewa kama ile. Rubani Leon Smith akaambiwa aruke, akakataa. Akaitwa mwingine, E. Hamilton Lee, naye akakataa. Wote wawili wakafukuzwa kazi siku ile ile.

Wenzao wangeweza kunyamaza. Kila mmoja alikuwa na mshahara wake mzuri na jamaa ya kulisha. Lakini walijua ya kuwa wakinyamaza, kesho ukungu utakuwa wao. Wakapeleka neno Washington: wenzetu wasiporudishwa, nasi haturuki. Ndege za barua zikasimama kwa siku kadhaa, na magazeti yakaandika habari hizo nchi nzima.

Mwishowe wakapatana. Ilikubaliwa ya kuwa rubani akisema hewa ni mbaya, mkubwa wa kiwanja ataikagua mwenyewe kwa kupanda angani, hata kama ni kwa kubebwa na rubani mahali pa mifuko ya barua. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kuuona ukungu kwa macho ya rubani! Bwana Lee alirudishwa kazini, akaendelea kurusha ndege kwa miaka mingi, mpaka alipostaafu mwaka 1949. Bwana Smith hakurudishwa. Alipoteza kazi yake, na wenzake wakapata ulinzi kwa hasara yake. Hatuna budi kulikumbuka jina lake.

MOTO KANDO YA NJIA

Usiku wa tarehe 22 Februari 1921 Posta ilijaribu jambo lililoonekana kama wazimu: kuvusha barua kwa ndege toka San Francisco mpaka New York, mchana na usiku, bila kupumzika. Marubani walipokezana mifuko kama watu wanaopokezana kijiti cha mbio. Mmoja wao, William Lewis, alianguka huko Nevada akafa. Mifuko yake ikapakiwa katika ndege nyingine, safari ikaendelea.

Usiku ule rubani Jack Knight alitoka North Platte akaenda Omaha katika giza na baridi kali. Chini, watu wa Posta na wakulima walikuwa wamewasha mioto mashambani ili imwonyeshe njia. Fikirini, wasomaji: wakulima kama sisi, wanaacha vitanda vyao usiku wa baridi, wanachochea kuni kwa ajili ya mtu wasiyemjua anayepita juu yao!

Alipofika Omaha akakuta rubani wa kumpokea hayuko. Hali mbaya ya hewa ilimzuia. Bwana Knight hakuwa amewahi kuruka njia ya kutoka pale kwenda Chicago. Hata hivyo akakubali. Akatua Iowa City kutia mafuta, akaondoka tena, na asubuhi akashuka Chicago. Barua zilifika New York saa 33 na dakika 20 baada ya kuondoka San Francisco, wakati ambapo kwa kawaida zilichukua siku tatu hivi. Sifa ilimwendea Bwana Knight, na alistahili. Lakini bila mioto ile angefika wapi?

KIJITABU CHA SENTI KUMI

Miaka kama kumi baadaye, kijana mmoja aitwaye Elrey Jeppesen alirusha barua juu ya milima ya magharibi. Ramani za marubani zilikuwa bado hazijatengenezwa. Wengi walitumia ramani za barabara zilizochorwa kwa ajili ya motokaa. Bwana Jeppesen akanunua kijitabu cheusi kwa senti kumi, akaanza kuandika kila alichokiona: urefu wa kiwanja hiki, kimo cha mlima ule, mahali penye nguzo au mnara, na namba ya simu ya mkulima fulani anayeweza kuulizwa kama kwake kuna mawingu. Siku za mapumziko alipanda vilima kwa miguu, amebeba chombo cha kupimia kimo.

Wenzake wakasikia habari za kijitabu hicho, wakamwomba wanakili. Hakuwanyima. Walipozidi kuwa wengi, mwaka 1934 akaanza kuchapa na kuuza kwa dola 10, akifanya kazi hiyo katika chumba cha chini cha nyumba yake huko Salt Lake City. Leo ramani zenye jina lake zinatumiwa na marubani wa nchi nyingi ulimwenguni, na sasa zinasomwa katika kioo cha kompyuta.

Kuna watu wanaoficha ujuzi wao kama mganga anavyoficha dawa yake, kwa kuogopa kwamba mwingine akijua, yeye atakosa heshima. Rubani aliyejua mahali pa mlima na kumficha mwenzake angekuwa amemchimbia kaburi.

CHAMA CHAO

Tarehe 27 Julai 1931 marubani kadhaa walikutana Chicago kwa siri, wakaunda chama cha marubani wa ndege za abiria. Kiongozi wao alikuwa David Behncke. Walikutana kwa siri kwa sababu ya kuogopa kufukuzwa kazi. Wakati ule biashara ilikuwa mbaya nchi nzima, na makampuni yalitaka marubani waruke saa nyingi zaidi kwa malipo madogo zaidi. Mtu aliyechoka husinzia, na akisinzia angani hasinzii peke yake.

Mwaka huo huo 1931, mwezi wa Mei, Baba Mtakatifu Pius XI alikuwa ametoa barua yake juu ya haki katika kazi, kukumbuka miaka 40 tangu Baba Mtakatifu Leo XIII aandike barua yake kubwa ya mwaka 1891. Mapapa hao wawili walifundisha ya kuwa wafanyakazi wana haki ya kuungana, na ya kuwa mfanyakazi si chombo cha kutumiwa mpaka kiishe. Marubani wa Chicago walilijua jambo hilo kwa kuonja uchungu wake. Mwaka 1934 wakapata uamuzi kwamba rubani asiruke zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Siku hizi sheria ya Marekani haimruhusu rubani wa ndege za abiria kupita saa 1,000 za kuruka katika siku 365.

MLANGO ULIOFUNGWA

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Undugu huo ulikuwa na ufa mkubwa. Kwa miaka mingi makampuni makubwa ya ndege hayakumkubali mtu mweusi katika chumba cha marubani, hata kama alikuwa amerusha ndege za vita kwa ajili ya taifa lake.

Kapteni Marlon Green alikuwa Mkatoliki toka jimbo la Arkansas. Aliwahi kusoma seminari akifikiri juu ya upadre, halafu akawa rubani wa jeshi la anga. Mwaka 1957 akaomba kazi katika kampuni ya Continental. Katika fomu aliacha wazi mahali pa kuandika rangi yake, wala hakubandika picha. Akaitwa kwenye mtihani wa kuruka. Alikuwa na saa nyingi za kuruka kuliko wenzake walioitwa naye, lakini wao wakapata kazi, naye akakosa.

Hakutukana, wala hakuchoma kitu. Alikwenda kwenye tume ya haki ya jimbo la Colorado, na toka hapo mahakamani, mwaka baada ya mwaka, huku akiwa na mke na watoto wa kulisha. Tarehe 22 Aprili 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji wote kwa sauti moja, ya kuwa sheria ya Colorado iliyokataza ubaguzi katika kuajiri iliihusu hata kampuni ya ndege. Mwaka 1965 Bwana Green akaanza kazi katika kampuni ile ile iliyomkataa, na mwaka uliofuata akawa kapteni. Alistaafu mwaka 1978, akafariki mwaka 2009. Baada ya kifo chake kampuni iliandika jina lake juu ya moja ya ndege zake.

Wanawake nao walingoja. Emily Howell aliajiriwa na kampuni ya Frontier mwaka 1973, na huo ulikuwa mwanzo wa njia kwa wenzake.

SAUTI YA MDOGO

Wazee wetu walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini marubani waligundua upande wa pili wa methali hiyo, yaani mkuu asiyesikia la mdogo huwavunja wote.

Zamani kapteni katika ndege alikuwa kama mfalme. Rubani wa pili na fundi wa mitambo waliokaa pamoja naye waliona aibu kumsahihisha. Jioni ya tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya kampuni ya United ilikaribia mji wa Portland, jimbo la Oregon, ikiwa na watu 189. Magurudumu yaliposhushwa ulisikika mshindo, na taa ya kuonyesha kwamba yamekaa sawa haikuwaka. Kapteni akaizungusha ndege karibu saa nzima, akiyachunguza magurudumu na kuwatayarisha abiria. Lilikuwa wazo jema. Lakini mafuta yalikuwa yakiisha. Wenzake waliiona mishale ya mafuta ikishuka, wakaitaja kwa sauti ya upole, kama mtu anayeogopa kumsumbua mzee. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka katika miti, maili chache tu kabla ya kiwanja. Watu kumi walikufa, na mmoja wao alikuwa fundi wa mitambo, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mafuta.

Wachunguzi waliandika ya kuwa kapteni hakuyaangalia mafuta inavyopasa, na ya kuwa wenzake hawakumweleza hatari kwa namna ya kueleweka. Mwaka 1979 wataalamu walikutana kuzungumza juu ya ajali za namna hii, na mwaka 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake jambo jipya: kapteni afundishwe kuuliza na kusikiliza, na mdogo afundishwe kusema waziwazi, bila matusi na bila woga. Marubani wengine walicheka. Walisema, "Sisi tumekuja kujifunza ndege, hawa wanatufundisha adabu!"

DAKIKA 44 JUU YA IOWA

Tarehe 19 Julai 1989 ndege nyingine ya kampuni hiyo hiyo iliondoka Denver kwenda Chicago na watu 296. Kapteni alikuwa Al Haynes. Walipokuwa juu ya futi 37,000, injini ya mkiani ikapasuka. Vipande vyake vikakata mabomba yote ya mafuta yenye nguvu, yale yanayogeuza mabawa na mkia, kama vile lori linavyokatika breki na usukani kwa mara moja. Hakuna kitabu kilichoeleza la kufanya, kwani waliotengeneza ndege hawakudhani jambo hilo litatokea.

Kapteni Haynes hakujifanya kujua. Aliwauliza wenzake, William Records na Dudley Dvorak. Kati ya abiria alikuwako rubani mwalimu, Dennis Fitch, aliyekuwa akisafiri tu. Akatuma neno kwamba yuko tayari kusaidia, na kapteni akamwita mara. Wakagundua ya kuwa wakiongeza nguvu ya injini moja na kupunguza ya nyingine, ndege inageuka kidogo. Bwana Fitch akashika kazi hiyo katikati ya viti vyao, na wote wanne wakasemezana bila kukoma mpaka walipoufikia mji wa Sioux City, jimbo la Iowa.

Kwa muda wa dakika 44 waliihangaikia ndege ile. Ilipogusa ardhi ilivunjika na kuwaka moto. Watu 112 walikufa, na hatuwasahau. Lakini 184 waliokoka, wakiwamo marubani wote wanne. Baadaye marubani wengine walijaribu jambo lile katika mashine ya mazoezi, wakaona ya kuwa kuishusha ndege ile salama ni karibu muhali.

Kapteni Haynes aliishi mpaka mwaka 2019, na kwa miaka mingi alizunguka akieleza habari hizo. Hakukubali kuitwa shujaa. Alisema wazi kwamba zamani neno la kapteni lilikuwa la mwisho, na kwamba ndege kadhaa zilipotea kwa sababu hiyo. Alishukuru mafunzo yale ambayo wengine walikuwa wameyacheka.

NA SISI JE?

Siku hizi katika makampuni makubwa ya Marekani, marubani wawili wanaweza kukutana kiwanjani saa moja kabla ya safari, hawajapata kuonana maishani. Aliyeajiriwa zamani huchagua safari kwanza. Aliyeajiriwa jana hupata zilizobaki, mara nyingi siku ya Noeli, mbali na mkewe na watoto. Wanapeana mikono, wanakaa, mmoja anasoma orodha ya mambo ya kukaguliwa na mwingine anajibu. Na kapteni mwema humwambia mwenzake tangu mwanzo: "Ukiona nimekosa, niambie." Maneno machache tu, lakini yaliletwa na vifo vingi.

Kanisa limewapa waruka hewani msimamizi wao, Mama Bikira Maria wa Loreto, tangu mwaka 1920. Twaweza kuwaombea kila tunaposikia ngurumo zao. Lakini tukimaliza kuwaombea, tujitazame wenyewe.

Baba, mtoto wako akikuambia, "Baba, paa linavuja pale," unamsikiliza, au unamfukuza kwa sababu yeye ni mtoto? Mama, unapoona fedha za ada ya shule zinakwisha katika pombe, unasema kwa namna ya kueleweka, au unanong'ona jikoni? Mwenyekiti wa ushirika, je, karani wako anaweza kukuambia kwamba hesabu haikubali? Nawe kijana, ukiona mwenzako anaelekea shimoni, unamwonyesha njia, au unajisemea kwamba hayakuhusu?

Nyumba nyingi zinaanguka kama ndege ile ya Portland: mafuta yanakwisha, wote wanaona, na hakuna anayesema. Basi jioni hii, chakula kikiisha na kabla ya sala, mkubwa wa nyumba na aseme neno lile la kapteni mwema: "Mkiona nimekosa, niambieni." Halafu anyamaze, asikilize.